Sizalifti inapiga alamu ya ovalodi na mzigo haujafika: ni seting au kuna kingine?

#1 SpanaKumiNaTatu
Wakuu, salamu.

Nipo Dar, natunza mashine kwenye karakana inayokodisha vifaa vya ujenzi. Tuna sizalifti (jukwaa la kunyanyulia watu linalopanda kwa mikono ya mkasi) ya umeme ya futi 19, imeletwa kutoka Uingereza ikiwa imetumika. Kibati cha mzigo wa mwisho kinasema kilo 227, watu wawili ndani ya jengo, mmoja nje. Wakipanda mafundi wawili wa dari na boksi la vifaa, inanyanyuka vizuri mpaka kama mita mbili, halafu inagoma. Taa nyekundu inawaka na kuzima, king'ora kinalia, kioo cha chini kinaandika OL, yaani ovalodi, mzigo umezidi. Akibaki mtu mmoja inafika juu kabisa bila kelele.

Wale vijana wawili nimewapima, jumla kilo 151. Boksi halifiki 40. Hata 200 haijafika.

Bosi kasikia kwamba alamu hizi husetiwa kwa kuweka mzigo juu ya jukwaa na kuiambia mashine huu ndio mwisho wako. Anataka tupakie kilo 300, tuseti, yaishe. Mimi nimekataa mpaka sasa. Naomba hoja za kumpelekea, na naomba kujua wenzangu huwa mnaanzia kukagua wapi.

#2 mtoto_wa_kitunda
Nakaa hapa. Na sisi tunayo inayosumbua hivyohivyo.

#3 Bi Hozi
Hoja ya kumpelekea bosi: kiwango cha Ulaya cha mashine hizi, EN 280, kinataka alamu iamke baada ya mzigo wa kwenye kibati kufikiwa na kabla ya kuvuka asilimia 120 ya mzigo huo. Kwa kilo 227, dirisha lako ni kati ya 227 na 272. Ukiifundisha kwamba 300 ndiyo mzigo kamili, itaamka baada ya 300, siyo kwenye 300. Hapo uko nje ya dirisha kwa mbali, na chasisi, matairi na silinda ni vilevile vya kilo 227. Kilichobadilika ni alamu peke yake.

Sasa inavyofanya kazi. Sizalifti nyingi za umeme hazina mizani chini ya jukwaa. Zina sensa ya presha kwenye silinda ya kunyanyulia na sensa ya pembe kwenye mkono wa mkasi. Presha peke yake haisemi kitu, maana kwa mkasi wa kawaida mzigo uleule unaisumbua silinda zaidi mikono ikiwa imelala kuliko ikiwa imesimama. Ndiyo maana kalibresheni, yaani huko kuiseti, inafanywa mara mbili: unapandisha na kushusha jukwaa likiwa tupu, kompyuta inaandika presha ya kila pembe; kisha unaweka mzigo kamili wa kibati, unapandisha na kushusha tena. Baada ya hapo kazini inalinganisha inachokiona na mistari hiyo miwili.

Kwa hiyo ukiniuliza naanzia wapi: naanza kwa kuuliza aliyeiseti mara ya mwisho alikuwa nani na aliweka mzigo gani. Kama aliweka pungufu, mashine inatii ilichofundishwa.

#4 Kamanda_Tabata
Tusimtishe kijana. Hizi mashine Wazungu wanaziseti nyeti sana kwa sababu ya kesi za mahakamani. Sisi tumenyanyua vigae, rangi, watu watatu, na hakuna kilichopinduka. Bosi wake ana pointi, ingawa 300 ni nyingi. Aweke 260.

#5 Bi Hozi
#4, ukiweka 260 kama mzigo kamili, inaamka juu ya 260 halafu unaomba Mungu isivuke 272. Na mteja akija na mkaguzi wake mwenye mizani, karakana ya kijana ndiyo itakayojibu. Mimi hapo sibadilishi neno.

#6 Changamwe1
Habari zenu. Niko Mombasa, hizi mashine tunazo kwa maghala ya huku Changamwe na Miritini. Kabla ya kugusa seting, angalia waya. Hewa ya bahari inakula kila kitu.

Iko moja iliyoletwa kwangu na shida kama ya #1. Nilichomoa soketi ya sensa ya presha pale chini ya silinda, ndani pini moja ilikuwa na ile kutu ya kijani ya shaba, ukiigusa na kucha inabanduka kama unga. Pini zile zingine mbili zilikuwa zinang'aa. Nikasafisha, nikapaka grisi ya umeme, nikarudisha. Kelele ikaisha na seting sikuigusa. Sensa hizi zinatuma volti ndogo sana, kwa hiyo pini chafu inabadilisha hesabu na mashine inadhani ni mzigo.

Nyinyi watu wa Dar mnapenda kukimbilia kompyuta kabla ya bisibisi.

#7 mtoto_wa_kitunda
Hahaa, Mombasa wameamka. Lakini pini chafu si ingetoa msimbo wa hitilafu badala ya OL?

#8 Changamwe1
Ikikatika kabisa itatoa msimbo wa hitilafu. Ikiwa inapitisha nusunusu, kompyuta inaona namba ambayo bado iko ndani ya mipaka yake, kwa hiyo inaamini. Hapo ndipo shida iko.

#9 mzee_grisi
Wanangu, mnazunguka. Mkasi ukikauka lazima presha ipande. Ukinyanyua, silinda inasukuma mzigo NA msuguano wa pini zote za mikono. Mashine iliyotumika, imekaa kwenye meli, ikakaa bandarini, imekauka. Ipige grisi pini zote kwanza, uinyanyue na kuishusha mara kadhaa ikiwa tupu, halafu ndiyo upime.

Na zingatieni hili: ukiseti mashine ikiwa kavu, halafu mwezi ujao mtu akaipiga grisi, alamu itachelewa kuamka. Itabeba zaidi ya kibati na itakaa kimya. Hiyo ndiyo hatari kuliko kelele anayolalamikia #1.

#10 Bi Hozi
Mzee wangu shikamoo. Nakubaliana na wewe kuhusu kuseti mashine kavu, na watu wengi hawalijui hilo. Ila sizalifti nyingi za umeme za saizi hii pini zake zina bushi zisizotaka grisi, hazina hata niplo ya kuingizia. Kinachokauka na kulika ni vile vipande vya plastiki ngumu ambavyo ncha za mikono zinateleza juu yake, kwenye chasisi na chini ya jukwaa. Zege na gundi ya vigae vikidondokea kwenye reli, mkono unateleza kwa kukwaruza. Hapo panasafishwa na kukaguliwa unene, hapapigwi grisi ovyo, maana grisi inashika mchanga.

#11 mzee_grisi
Marahaba mwanangu. Mimi nimezoea zile kubwa za dizeli. Kama hazina niplo basi safisha reli. Hoja ya msuguano nabaki nayo.

#12 nyanda_za_juu
Huku Njombe ghala la baridi la parachichi tunayo moja. Inalia asubuhi tu. Ikifika saa tano mchana inabeba mzigo uleule kimya. Mimi nasema ni oili nzito kwa baridi. #1, yako inalia saa ngapi?

#13 Hesabu_Tupu
#12, oili nzito inaongeza presha wakati inapita kwenye hozi na valvu, yaani pampu inavyosukuma. Sensa ikiwa imefungwa kwenye silinda yenyewe, baada ya valvu, inaona presha ya kubeba mzigo. Hiyo haijali oili ni nzito au nyepesi. Simamisha jukwaa katikati uangalie: kama alamu inaendelea wakati hakuna kinachotembea, oili haihusiki. Dar kwa joto hili ndiyo kabisa.

#14 nyanda_za_juu
Ikisimama inaendelea kulia. Lakini asubuhi tu. Nieleze basi.

#15 Hesabu_Tupu
Sili za silinda zinakakamaa kwa baridi, msuguano wake unabaki hata ikisimama. Au unyevu kwenye soketi unaokauka jua likipanda, kama alivyosema #6. Nisingechagua moja bila kufungua.

#16 Ghafla
Mbona hakuna anayetaja betri? Betri zikichoka volti inaanguka wakati wa kunyanyua na sensa zinasoma uongo. Pima volti wakati pampu inazunguka, usipime ikiwa imelala.

#17 Changamwe1
#16, sensa inapewa volti yake na kontrola (kompyuta ya mashine), ambayo inaituliza kwanza. Betri ikianguka sana kontrola yenyewe ingelalamika. Lakini kupima ni bure, apime.

#18 fundi_dari_mbagala
Jamani mimi ni wale wanaopanda juu. Hamjui tu, mkishusha mashine kwetu tunapakia. Kuna plaiwudi tumetandika sakafuni ili skrubu zisidondoke, kuna ndoo ya gundi, kuna galoni ya maji. Mkija kupima mnatupima sisi na boksi, ile plaiwudi hamuioni kwa sababu imeshakuwa sakafu.

#19 SpanaKumiNaTatu
#18 nimecheka halafu nikaenda kuangalia. Plaiwudi ipo. Nimeitoa na kuipima, kilo 14. Bado hesabu haifiki 227, ila asante, ilikuwa haimo kabisa kwenye hesabu yangu.

#12, inalia muda wowote. #16, betri nimepima zikiwa zinanyanyua, ziko sawa. #6, soketi ya presha ni safi. Ya sensa ya pembe sijaifikia, iko ndani ya mkasi.

#20 Bi Hozi
Kabla hujaingiza mkono ndani ya mkasi: jukwaa liwe tupu, lishikwe na ule mguu wa usalama wa mashine, ufunguo uutoe uweke mfukoni mwako. Usitegemee valvu. Nimeona kijana kavunjwa mkono kwa sababu mwenzake alibonyeza kushusha akidhani hakuna mtu.

#21 SpanaKumiNaTatu
Nimekupata dada. Mguu huwa nauweka.

#22 Kamanda_Tabata
Na hiyo kilo 227 mtaipataje hapo Dar? Mifuko minne ya saruji ni 200, halafu 27 mnatafuta kwa nani? Ndiyo maana watu wanapandisha watu.

#23 mtoto_wa_kitunda
Mfuko wa saruji ni 50 kweli? Ukikaa stoo unanyonya unyevu, ukipasuka kidogo unapungua.

#24 Changamwe1
Madumu ya lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, unaongeza uzito wa dumu lenyewe. Ukijaza mpaka mdomoni linazidi 20, kwa hiyo usikadirie, pima kila dumu na uandike kwa maka. Uzuri wake ukitaka kuongeza kilo mbili unamimina lita mbili.

#25 Hesabu_Tupu
Mfuko au dumu, vyote sawa, ili mradi umepima kwa mizani iliyokaguliwa. Tanzania Wakala wa Vipimo wanabandika stika kwenye mizani za biashara. Nenda kwa muuza nafaka mwenye stika hai, mlipe soda, pima mzigo wako wote, andika. Na madumu uyafunge yasitembee, maji yakicheza presha inacheza nayo.

Kupandisha watu kama mzigo wa kusetia, hapana. Unajaribu kengele ambayo hujui kama inafanya kazi, halafu unaweka watu juu yake?

#26 Kamanda_Tabata
Hapo kwenye watu nakubali. Hoja ya madumu ni nzuri.

#27 Mswahili_Doha
Salaam kutoka Qatar. Nimesoma uzi wote, kuna kitu kimoja hakuna aliyeuliza. Hiyo droo ya jukwaa, ile sehemu ya mbele inayovutwa nje, wakati inalia ilikuwa imevutwa?

Huku ukichukua kadi ya IPAF, ile ya waendesha majukwaa haya, wanakukazia hilo. Kibati cha 227 ni cha jukwaa zima. Droo ina kibati chake, na kwa mashine nyingi za futi 19 ni kilo 113 tu. Fundi wa dari anapenda kuvuta droo afikie ukuta, wanasimama wote wawili kwenye droo na boksi lao. Hapo kisheria wameshazidisha hata kama jumla ni 190.

#28 fundi_dari_mbagala
Droo tunavuta kila siku. Hicho kibati cha droo hatujawahi kuonyeshwa.

#29 SpanaKumiNaTatu
Cha kwetu kimepakwa rangi. Nimekwangua, kinasoma 113. Nawaandikia wateja wote leo.

#30 Hesabu_Tupu
#27 uko sahihi kuhusu kibati, na #1 afanye alichosema. Ila kama maelezo ya OL sikubaliani. Mkasi ukipanda, jukwaa linabaki usawa, kila pembe ya jukwaa inapanda kimo kilekile. Kazi ya silinda ni ileile mzigo ukiwa katikati au mbele. Kwa mashine inayopima kwa presha, kusogeza mzigo mbele hakubadilishi presha. Zile zenye sensa za uzito kwenye pembe nne za jukwaa ndizo zinazoona.

#31 Mswahili_Doha
Kwenye karatasi sawa. Mimi nimeona kwa macho mashine ya presha ikilia droo ikitoka na kunyamaza ikirudi, mzigo uleule.

#32 mzee_grisi
Msuguano! Ukiweka uzito wote mbele, upande mmoja wa reli unagandamizwa na mwingine unataka kuinuka. Slaidi, vile vipande vya plastiki vya #10, zinabana. Karatasi ya #30 haina msuguano.

#33 Hesabu_Tupu
Mzee, hilo nalipokea. Karatasi yangu haina msuguano. Lakini basi slaidi zake zimelika, maana zikiwa nzima tofauti hiyo ingekuwa ndogo.

#34 askari_wa_upepo
Na upepo je? Nje wanaruhusu mtu mmoja. Nadhani upepo wa kusi unaisukuma mashine na inahesabu kama uzito.

#35 Bi Hozi
Hapana. Nje ni mtu mmoja kwa sababu ya kupinduka, hesabu ya upepo ni mita 12.5 kwa sekunde. Haina uhusiano na OL. Ikiinama inaandika LL, na mlio wake msiuchanganye na huu. #1, una hakika kioo kinaandika OL na siyo LL?

#36 SpanaKumiNaTatu
OL, nina picha.

#37 Mwananyamala_kwetu
Naomba kutoka nje ya mada: #27 huko fundi wa mashine hizi analipwaje? Wanachukua bila kadi?

#38 Mswahili_Doha
Kuendesha bila kadi hawakuruhusu kwenye mradi mkubwa. Kadi inadumu miaka mitano. Fundi ni habari nyingine, wanaangalia uzoefu. Njoo inboksi, tusiharibu uzi wa mwenzetu.

#39 SpanaKumiNaTatu
Wakuu, mrejesho. Nimepima madumu kwa mizani yenye stika, nimeyafunga, plaiwudi nje, reli zimesafishwa. Seting sijaigusa.

Droo ikiwa ndani, mzigo katikati: inabeba 227 mpaka juu. Nikiongeza inaamka karibu na 240. Iko ndani ya dirisha la #3.

Nikarudisha mpaka 190, droo nje, 110 zikiwa juu ya droo na 80 nyuma yake: inaamka pale pale mita mbili. Ikivuka hapo, kwa mfano nikiinyanyua na droo ndani halafu nikaivuta juu, inakaa kimya.

Slaidi za mbele nimepima unene kwa kalipa. Upande wa kulia na kushoto hazilingani, kulia ni nyembamba wazi kabisa. Sensa ya pembe nayo, mkono wake wa chuma unacheza kidogo ukiutikisa kwa kidole.

Bosi ameona 240 kwa macho yake, habari ya 300 imekufa.

#40 mzee_grisi
Slaidi. Nilisema.

#41 Bi Hozi
Mzee subiri. Mkono wa sensa unaocheza ni kesi tosha. Inagoma chini, pale ambapo presha ni kubwa na digrii chache zinabadilisha hesabu sana. Sensa ikisoma kwamba jukwaa liko juu kuliko lilipo, kompyuta inategemea presha ndogo, inakuta kubwa, inasema ovalodi. Juu kosa lilelile la digrii halionekani. Hiyo inaelezea mita mbili, slaidi hazielezi kwa nini juu inanyamaza.

#42 Hesabu_Tupu
Lakini sensa ikicheza, kwa nini na droo ndani alamu inaamka sahihi kwenye 240? Sensa haijui kama droo iko ndani au nje.

#43 Bi Hozi
Inawezekana jukwaa likilemewa mbele mikono inajipinda kidogo na kuuvuta ule mkono wa sensa. Inawezekana pia ni vyote viwili.

#44 Changamwe1
Kaza mkono wa sensa kwanza, ni nati moja na haina gharama. Rudia jaribio la droo nje kabla ya kununua slaidi. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua ni kipi. Na ukishagusa sensa ya pembe au slaidi, kalibresheni yote inarudiwa, tupu halafu 227, hata kama imenyamaza.

#45 Kamanda_Tabata
Akirudia kalibresheni, aifanye droo ikiwa ndani au nje?

#46 Mswahili_Doha
Ndani, kitabu cha mashine niliyozoea kinasema hivyo. Cha kwake akisome, zinatofautiana.

#47 mtoto_wa_kitunda
Kuna mwenye kitabu cha hizi za futi 19 kwa miaka ya kabla hazijawekewa kioo? Yetu ina swichi ya presha yenye nati chini yake, haina kompyuta ya kufundisha.

#48 Bi Hozi
#47, hiyo unaweka 227 kwenye jukwaa, unaipandisha, unazungusha nati robo kwa robo mpaka inaamka, kisha unarudisha kidogo mpaka inanyamaza. Halafu unaongeza uzito kujaribu. Ila kimo unachosetia lazima kiwe kile cha kwenye kitabu. Tuma picha ya kibati cha mashine, namba ya mfululizo (serial) uifunike, nitakuangalizia.